Shajara ya mradi: kupima saitokini za inflamesheni kwenye lukemia sugu ya limfosaiti

15 Januari 2024. Swali na orodha ya vipimo

Lukemia sugu ya limfosaiti, ambayo hapa tutaiita CLL, ni saratani ya seli B. Ukizitoa seli hizo mwilini na kuziweka peke yake kwenye chupa, nyingi hufa ndani ya siku chache. Ndani ya mitoki na uboho wa mifupa huishi miaka, kwa sababu zimezungukwa na seli T, monosaiti na seli za uboho zinazozipa chakula na ujumbe. Sehemu kubwa ya ujumbe huo ni saitokini, protini ndogo ambazo seli hutumia kuitana na kuwasha au kutuliza inflamesheni, yaani mwako wa kinga.

Tumechagua sita. IL-6 hutoka zaidi kwa seli za uboho na za kuta za mishipa, na ikigusa seli ya CLL huwasha njia ya JAK na STAT3, mfululizo wa protini unaopeleka ishara ndani ya seli. TNF na IL-8 zinatoka kwa seli za CLL zenyewe na kwa monosaiti pia. IL-10 hutuliza kinga badala ya kuichochea, lakini lazima isomwe pamoja na nyingine, maana mgonjwa mwenye IL-6 na IL-10 za juu kwa pamoja si sawa na mwenye IL-6 peke yake. CCL3 na CCL4 ni wito: seli ya CLL ikiguswa kwenye kipokezi chake cha seli B huzimwaga ili kuwaita seli T na monosaiti.

Kwamba saitokini hizi huwa juu kwa wagonjwa wengi wa CLL ni jambo linalojulikana kwa zaidi ya miaka 20. Swali letu ni jingine: saitokini iliyo juu imetoka wapi? Inaweza kutoka kwenye saratani, kwa majirani wake, kwenye maambukizi mengine aliyonayo mgonjwa, au kwenye chupa ya damu baada ya sindano kuchomolewa. Kwa maabara iliyoko Dar es Salaam, hayo mawili ya mwisho ndiyo yanayokula muda.

Kibali cha maadili kimepatikana, fomu za ridhaa ziko kwa Kiswahili. Tunaendelea.

5 Februari. Nani anaingia, nani anasubiri

Uthibitisho wa CLL: seli B za ukoo mmoja zisizopungua 5 × 10⁹ kwa lita kwa miezi 3 au zaidi, zikiwa na alama za juu ya seli CD5, CD19 na CD23, CD20 hafifu, na mnyororo mwepesi (kipande cha kingamwili) wa aina moja tu, kappa au lambda. Hatua ya ugonjwa tunaiandika kwa mfumo wa Rai na wa Binet, yote miwili.

Usiruke flosaitometria, kipimo kinachosoma alama hizo seli moja moja kwa leza. Katika nchi za malaria kuna hali ya bandama kuvimba sana kutokana na malaria ya mara kwa mara, na wakati mwingine limfosaiti hupanda hadi picha ikafanana na CLL. Tofauti ni kwamba seli zake B ni za koo nyingi, na hali hutulia kwa dawa za malaria. Mgonjwa wa namna hiyo akiingia kwenye kundi lako, ataleta saitokini za malaria zenye jina la CLL.

Malaria yenyewe hupandisha IL-6, TNF na IL-10. Tulianza kwa kutumia kipimo cha haraka cha malaria pekee, tukajikuta tunawaacha nje watu waliokwisha pona: protini ya kimelea iitwayo HRP2 inayosomwa na vipimo vingi vya haraka hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya matibabu. Sasa kila mmoja anapimwa kwa hadubini, tone nene na tone jembamba, na tunaongeza CRP, protini ya damu inayopanda wakati wa inflamesheni. Mwenye homa, kikohozi kinachochunguzwa kwa TB, jipu, au CRP iliyo juu anasubiri hadi apone, kisha damu inachukuliwa upya. Kwa wagonjwa wa CLL hili si jambo dogo, kwani kinga yao ni dhaifu na maambukizi ni ya mara kwa mara. Hali ya VVU inaandikwa kwa kila mshiriki.

Jambo lililosahaulika kwenye fomu ya kwanza ni prednisoloni, dawa ya steroidi. Wagonjwa wengi wanaotumia klorambusili, dawa ya CLL, hupewa prednisoloni pamoja nayo, na prednisoloni hukandamiza IL-6, IL-8 na TNF. Fomu mpya ina nafasi ya dawa, dozi, na saa ya kidonge cha mwisho. Damu inachukuliwa kabla ya mzunguko mpya wa dawa kuanza.

26 Februari. Kutoka mshipani hadi friza

Hatua hii inaonekana nyepesi, nayo ndiyo iliyotupa kazi kubwa kuliko sahani zenyewe.

Tyubu: EDTA, inayozuia damu kuganda, kizibo cha zambarau. Seramu tuliiacha mapema, kwa sababu damu inapoganda, chembe sahani na chembe nyeupe humwaga vitu vyake, IL-8 ikiwemo. Kwa mtu mwenye limfosaiti 5 × 10⁹ kwa lita unaweza kuvumilia. Kwa mwenye 150 unapima kuganda, hupimi ugonjwa.

Muda: saa 2 kutoka mshipani hadi plazma kutenganishwa. Tyubu za mgonjwa mmoja tuliziacha mezani kwa saa 1, 2, 4 na 8, chumba kikiwa na nyuzi 29. IL-8 ilianza kupanda saa 4 na kufikia saa 8 ilikuwa imepanda mara kadhaa. Seli hai zilizomo ndani ya tyubu zinaendelea na kazi. Sampuli kutoka kliniki ya mbali zilizokwama kwenye foleni ya magari hazikutumika, hata zile za wagonjwa tuliowatafuta kwa shida.

Mzunguko: g 1,500 (nguvu mara 1,500 ya mvutano wa dunia) kwa dakika 15, nyuzi 20, breki imezimwa. Hapa pana mtego. Mashine yetu huonyesha mizunguko kwa dakika, si g, na tyubu za kwanza zilizungushwa kwa 1,500 za mashine. Kwa rota yenye nusu kipenyo cha sentimita 16, hiyo ni g 400 tu. Hesabu ni hii: g = 0.00001118 × nusu kipenyo kwa sentimita × mizunguko kwa dakika × mizunguko kwa dakika. Kwa rota hiyo, g 1,500 inataka takriban 2,900. Pima rota yako kwa rula, kisha bandika namba sahihi juu ya mfuniko.

Tyubu ikitoka, itazame dhidi ya mwanga. Kwa mtu mzima wa afya, utando mweupe kati ya plazma na chembe nyekundu ni uzi tu. Kwa mgonjwa mwenye limfosaiti 200 × 10⁹ kwa lita ni tabaka la milimita kadhaa, la rangi ya maziwa yaliyoganda, na juu yake plazma ina ukungu kwa sababu mpaka wenyewe haujakaza. Ukiingiza pipeti kama ulivyozoea, unavuta seli. Seli za CLL ni laini, hupasuka kwa urahisi (ndiyo maana kwenye slaidi zinaonekana kama madoa), na zikipasuka ndani ya friza, vyote vilivyomo vinaingia kwenye plazma yako. Tunaacha sentimita 1 nzima juu ya utando. Plazma inapungua, lakini ni safi.

Kisha mzunguko wa pili, g 2,500 kwa dakika 10, kwenye tyubu mpya, ili kuondoa chembe sahani. Mikrolita 200 za chini zinabaki. Iliyobaki inagawanywa kwenye vichupa vya mikrolita 250, inaingia friza ya nyuzi -80, na kila kichupa kinayeyushwa mara moja tu.

Umeme: friza ina kirekodi joto chenye betri yake, na jenereta inajaribiwa kila Ijumaa. Kirekodi kiligharimu shilingi 380,000. Ni fedha iliyotumika vizuri kuliko zote kwenye bajeti hii.

18 Machi. Sahani za kwanza: hakuna rangi

Tunatumia ELISA ya kingamwili mbili: ya kwanza hunasa saitokini, ya pili huitambua, na kimeng'enya hutoa rangi kulingana na kiasi chake. Tunanunua jozi za kingamwili na kupaka sahani wenyewe. Kwa ufupi: kingamwili ya kunasa mikrolita 100 kwa kila kishimo, usiku kucha, kuosha mara 3 kwa PBS (bafa ya chumvi) yenye sabuni ya Tween-20 ya 0.05%; kuziba nafasi tupu kwa protini ya BSA 1%, mikrolita 300, saa 1; sampuli mikrolita 100, saa 2; kingamwili ya kutambua yenye biotini, saa 2; streptavidini, inayoshika biotini, yenye kimeng'enya cha HRP, dakika 20 gizani; TMB, ambayo HRP huigeuza bluu, dakika 20; asidi ya salfuriki mikrolita 50; kusoma kwa nanomita 450 na kutoa usomaji wa 570.

Sahani ya kwanza ya TNF ilibaki nyeupe, hata kwenye kishimo cha kiwango cha juu kabisa. Kingamwili zilikuwa mpya, streptavidini haijafika tarehe yake. Jaribio la kutafuta chanzo ni la dakika 5, na lifanyike kabla ya kulaumu muuzaji: changanya tone la streptavidini-HRP na TMB moja kwa moja kwenye kichupa. Ikigeuka bluu, vimeng'enya ni vizima. Kisha rudia, ukiongeza kidogo kila bafa unayotumia, moja baada ya nyingine. Bafa ya kuoshea ilizima rangi papo hapo. Ilikuwa imetengenezwa kutoka chupa ya PBS ya akiba iliyohifadhiwa kwa azidi ya sodiamu ili isiote ukungu, na azidi huua HRP. Sasa bafa zenye azidi zina mfuniko mwekundu na hazikai meza moja na ELISA.

Sahani iliyofuata ilitoa rangi, nayo ilikuwa nyingi mno. Maelekezo yanasema "joto la chumba", na walioyaandika walimaanisha nyuzi 20 hadi 25. Chumba chetu Machi kilikuwa 31. TMB ilifika kileleni kwa dakika 9, na vishimo vya pembeni vilikuwa juu ya vya katikati kwa sababu maji yake yalikauka haraka zaidi. Marekebisho: kiyoyozi kuwekwa 23 saa nzima kabla ya kuanza, kila sahani kufunikwa kwa karatasi ya gundi badala ya mfuniko wa plastiki, na safu za nje kujazwa bafa tupu pale sampuli zinapokuwa chache. Baada ya hapo, tofauti kati ya vishimo pacha imekaa chini ya asilimia 10. Ikizidi 15, sampuli inarudiwa.

8 Aprili. IL-6 haionekani

Mkunjo wa viwango vya IL-6 (vishimo vya kiasi kinachojulikana, vya kulinganishia sampuli) kwa jozi tuliyonunua huanzia pg/ml 600 na kushuka kwa nusu hadi 9.4. Watu wa afya wana IL-6 chini ya 5, mara nyingi 1 au 2, na wagonjwa wengi wa CLL wasio na maambukizi wako karibu na hapo pia. Karibu sampuli zote zilianguka chini ya kiwango cha mwisho.

Kishawishi ni kurefusha mkunjo chini kwa kompyuta na kuandika namba. Usifanye hivyo. Namba iliyo chini ya kiwango cha mwisho ni kelele ya sahani, na ukilinganisha kelele za makundi mawili unaweza kupata tofauti "ya maana" iliyoletwa na siku ya kupima tu.

Tulijaribu streptavidini yenye HRP nyingi kwa molekuli moja. Ishara ilipanda, na vishimo tupu vikapanda nayo, kutoka usomaji wa 0.06 hadi 0.21, faida ikawa ndogo. Kuziba kwa kasini badala ya BSA kulipunguza kelele, lakini si kiasi cha kutosha kufika pg/ml 1. Mwishowe tumenunua seti ya IL-6 yenye unyeti wa juu, mkunjo wake ukiwa 0.2 hadi 10. Bei yake imeumiza: karibu shilingi milioni 2 kwa sahani moja hadi kufika mikononi, ushuru na usafirishaji wa baridi vikiwemo. Saitokini nyingine tano zinabaki kwenye jozi za kawaida, na pale IL-10 isiposomeka tunaandika "chini ya kikomo", bila sifuri na bila namba ya kubuni.

6 Mei. Mgonjwa mwenye kila kitu juu

Sampuli moja ilisoma juu sana kwa TNF, IL-8, IL-10 na CCL4, wakati mwenyewe kliniki yuko vizuri, CRP yake ya kawaida. Saitokini nne zisizohusiana zikipanda pamoja kwa uwiano unaofanana, shuku kipimo.

Tuliipunguza sampuli mara 2, 4 na 8. Saitokini ya kweli hushuka sambamba na mkunjo: ukipunguza mara 4 na kuzidisha tena kwa 4, unarudi karibu palepale. Hii haikurudi, mara 4 ilitoa chini ya theluthi ya namba ya kwanza. Kuna kitu kwenye plazma kilichokuwa kikiunganisha kingamwili ya kunasa na ya kutambua bila saitokini kuwepo kati yake. Wagonjwa wa CLL wana sababu nyingi za kuwa na kitu hicho: wapo wenye kingamwili dhidi ya mwili wenyewe, wapo wenye protini ya ukoo mmoja kwenye damu, na waliopata rituximabi, dawa ya kingamwili, wamewahi kuingiziwa protini yenye sehemu ya panya.

Dawa yake ni IgG (kingamwili) ya kawaida ya panya, ambayo kitu hicho hushika badala ya kingamwili zetu, mikrogramu 100 kwa mililita, kwenye bafa ya kupunguzia sampuli. Kwa mgonjwa huyo, TNF na IL-10 zilianguka chini ya kikomo, IL-8 ikabaki juu kidogo na sasa inashuka sambamba. Bafa hiyo imekuwa ya lazima kwa sampuli zote na viwango vyote. Pia kila mshiriki anapimwa kwa upunguzaji mara mbili tofauti kwenye sahani yake ya kwanza, na kwa sampuli moja katika kila kumi tunaongeza kiasi kinachojulikana cha saitokini. Tukikipata tena kati ya asilimia 80 na 120, tunapita.

Sahani zilizotangulia zimerudiwa. Hasara: sahani 7 na plazma ambayo haiwezi kurudishwa.

17 Juni. Seli kwenye sahani, na IL-6 isiyo yake

Sasa tunauliza seli zenyewe. Seli nyeupe zinatenganishwa kwa Ficoll, kimiminika kizito kinachozitenga na chembe nyekundu, seli B zinasafishwa, zinawekwa milioni 5 kwa mililita, saa 24, kisha maji yake yanapimwa.

Matokeo ya kwanza yalikuwa mazuri kupita kiasi. Seli za CLL ambazo hazijachokozwa na chochote zilitoa IL-6, TNF na IL-8 kwa maelfu ya pikogramu. Tungeweza kuandika hapa kwamba saratani ndiyo chanzo cha inflamesheni na kufunga daftari. Kilichotuzuia ni saitokini ya IL-1β, tuliyoiongeza kama kipimo cha ulinzi: nayo ilikuwa juu, na hiyo ni alama ya monosaiti walioamshwa.

Fanya hesabu. Usafi wa seli B ulikuwa asilimia 98, na asilimia 1 ilikuwa na CD14, alama ya monosaiti. Asilimia 1 ya milioni 5 ni monosaiti 50,000. Monosaiti mmoja aliyeguswa na endotoksini, yaani kipande cha ukuta wa bakteria, anamwaga saitokini kuliko seli B nyingi sana kwa pamoja, na kiasi kinachomwamsha ni pikogramu chache kwa mililita.

Jaribio la kuthibitisha: nusu ya vishimo viliwekewa polimiksini B, mikrogramu 10 kwa mililita, ambayo hunasa endotoksini. IL-6 ilianguka. Kwa kupima bafa moja moja kwa kipimo cha endotoksini kinachotumia damu ya kaa, chanzo kilikuwa PBS iliyotengenezwa kwa maji yaliyokenekwa hapa hapa maabara. Maji hayo yalikuwa yamepitishwa otoklevu na hayakuwa na bakteria hai hata mmoja. Nyuzi 121 huua bakteria lakini endotoksini yake inabaki. Vyombo vya kioo vinahitaji joto kavu la nyuzi 250 kwa dakika 30. Plastiki hainusuriki huko, hivyo lazima inunuliwe ikiwa safi.

Tulibadilisha mambo matatu. PBS na maji vinanunuliwa vikiwa vimepimwa endotoksini, na seramu ya ndama ina cheti cha kiwango cha chini. Kioo kinaokwa kila Jumatatu. CD14 inatolewa kwa shanga za sumaku hadi ibaki chini ya asilimia 0.1, inahakikiwa kwa flosaitometria, na kishimo cha polimiksini kipo kwenye kila sahani. Baada ya hapo IL-6 ya seli zilizotulia ilishuka chini ya mkunjo kwa wagonjwa wote waliotoa seli. IL-8 ilipungua sana lakini haikuisha, na polimiksini haikuigusa. Hiyo tunaikubali kuwa ya seli za CLL.

Kwa anayeiga mradi huu na fedha hazitoshi: kata saitokini mbili kwenye orodha, usikate maji yaliyopimwa.

29 Julai. Kuchokoza kipokezi cha seli B

Seli milioni 10 kwa mililita, kingamwili dhidi ya IgM (sehemu ya kipokezi hicho) mikrogramu 10 kwa mililita, saa 24, kisha CCL3 na CCL4. Tumia vipande vya F(ab')2, yaani kingamwili iliyokatwa mkia, si kingamwili nzima, kwa sababu mkia wa kingamwili nzima hushika kipokezi cha FcγRIIB kwenye seli B hiyo hiyo na kuzima ishara unayoitafuta. Angalia pia chupa isiwe na azidi. Kundi la kwanza tuliloletewa lilikuwa nayo, na uhai wa seli ulishuka chini ya nusu kwa saa 24.

CCL3 na CCL4 zilipanda kwa wengi waliotoa seli, si wote. Hilo lilitarajiwa: seli zenye jeni za IGHV (zinazounda kipokezi hicho) zisizobadilika kwa kawaida hujibu IgM kwa nguvu kuliko zenye jeni zilizobadilika. Ibrutinibu, dawa ya CLL inayozuia ishara ya kipokezi hicho, mikromola 1, ikitangulia kwa dakika 60, ilikata kupanda huko. Kishimo cha kulinganisha kina DMSO, kiyeyushi cha dawa hiyo, kiasi kilekile, isiyozidi asilimia 0.1. Matokeo yote yanagawanywa kwa idadi ya seli hai mwishoni, si zilizowekwa mwanzoni.

Hapa ndipo picha inapoanza kukaa. IL-6 ya plazma na CCL3 ya plazma hazisemi jambo moja. CCL3 na CCL4 zinafuata kipokezi cha seli B, na seli ya CLL inaweza kuzitoa bila msaada. IL-6, kwa vipimo vyetu, haitoki kwenye seli za CLL zilizomo kwenye damu. Anayetaka chanzo chake atafute kwenye uboho, au kwenye maambukizi ambayo hayajaonekana. Kuzijumlisha kuwa "alama moja ya inflamesheni" kunapoteza habari hiyo.

19 Agosti. Gharama hadi sasa

Jozi ya kingamwili kwa saitokini moja, sahani 5: takriban shilingi 1,300,000. Ukiongeza sahani, TMB, BSA na streptavidini, sahani moja inafika karibu 350,000. Viwango 7 na kishimo tupu pamoja na sampuli mbili za udhibiti, vyote pacha, vinachukua vishimo 20. Zinabaki nafasi za sampuli 38, yaani kama shilingi 9,200 kwa sampuli. Kwa IL-6 ya unyeti wa juu ni kama 52,600. Shanga za CD14, seramu, maji na PBS vimefika 4,100,000. Sahani zilizorudiwa kwa sababu ya IgG ya panya: 2,450,000.

Kinachofuata ni wagonjwa wachache wanaoanza ibrutinibu. Damu itachukuliwa kabla ya kidonge cha kwanza, siku ya 7 na siku ya 28. Kwa wengi wao limfosaiti zitapanda wiki za mwanzo kwa sababu dawa huzitoa kwenye mitoki na kuzimwaga kwenye damu, hivyo utando kwenye tyubu utakuwa mnene kuliko wa siku ya kwanza, na sentimita 1 ya usalama inaweza isitoshe. Kwa ziara ya siku ya 7 na ya 28 tumeagiza tyubu za mililita 10 badala ya 4.